Mac Inapochelewa Kufungua Programu: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Katika mazoezi ya kufundisha tulimkuta mwanachuo mmoja amesimama mbele ya darasa la tano, akiitazama alama ya programu ikirukaruka chini ya skrini ya Mac. Michoro ya mzunguko wa maji aliyoitayarisha usiku ilipotokea, kipindi cha dakika 40 kilikuwa ukingoni. Baadaye alituambia kuwa mashine ilikuwa "imechoka". Neno hilo hatulikubali. Mashine haichoki, lipo jambo inalolifanya wakati ule, nalo laweza kutafutwa.

Kwanza mwalimu na ajiulize: ni programu moja inayochelewa, ama zote? Azifungue mbili tatu, akihesabu sekunde kwa saa yake na kuziandika. Ikiwa ni moja tu, aghalabu kasoro imo ndani yake yenyewe, na yafaa kutafuta toleo lake jipya.

Pili, je, huchelewa mara ya kwanza tu? Programu iliyotoka kuingizwa hukaguliwa na mfumo kabla ya kuruhusiwa kufunguka. Tena, mnamo Novemba 2020 Apple ilianza kutoa Mac zenye chipu yake yenyewe badala ya ile ya Intel. Katika mashine hizo, programu iliyoandikwa kwa ajili ya Intel hufasiriwa kwanza na Rosetta 2, na kwa kuwa tafsiri huhifadhiwa, safari ya pili hufunguka upesi. Basi programu mpya ifunguliwe nyumbani, kamwe isifunguliwe mara ya kwanza mbele ya watoto.

Yakiwa ni yote yanayochelewa, tutazame kumbukumbu. Kumbukumbu ni mfano wa meza ya mwalimu, na diski ni kabati. Meza ikijaa, kila kitabu kipya hulazimu kingine kirudishwe kabatini kwanza. Programu iitwayo Activity Monitor huonyesha hali hiyo kwa rangi: kijani ni salama, manjano ni tahadhari, nyekundu ni dhiki. Wengi hudhani kuwa kubonyeza kitone chekundu pembeni mwa dirisha kumeifunga programu. Sivyo, mara nyingi dirisha ndilo lililofungwa, na programu yaendelea kukalia meza. Ifungwe kwa kubonyeza Command pamoja na Q.

Katika orodha hiyohiyo, majina mds na mdworker yakiwa juu kabisa, mashine inapanga faharasa ya mafaili yake, kama ifanyavyo baada ya kupokea mfumo mpya. Iachwe kwenye umeme usiku mmoja.

Chanzo chaweza pia kuwa nje ya mashine kabisa. Tarehe 12 Novemba 2020, siku ulipotolewa mfumo wa Big Sur, Mac nyingi ulimwenguni zilishindwa kufungua upesi hata programu za zamani. Mfumo huuliza kwa Apple kama cheti cha mtengenezaji wa programu kingali halali. Siku ile seva ilijibu kwa uzito mno, na mashine zikangoja. Waliokata intaneti waliona programu zikifunguka mara moja, kwani mfumo usipopata mtandao haungoji jibu. Mwalimu aweza kufanya jaribio hilohilo pale mtandao unapokwenda kwa kusuasua: akate, afungue, alinganishe sekunde.

Yote yakishindikana, mashine iwashwe katika hali ya usalama. Yenye chipu ya Apple huzimwa, kisha kitufe cha kuwashia hushikiliwa hadi machaguo yatokee. Diski ichaguliwe, na Shift ishikiliwe ili kuendelea. Kwa Mac ya Intel, Shift hushikiliwa tangu inapoanza kuwaka. Programu zikifunguka vyema humo, tuvishuku vitu vinavyojiwasha vyenyewe mwalimu anapoingia. Aviondoe kimoja kimoja, akipima kila mara. Akiondoa vitano kwa pamoja, hatajua ni kipi kilichokuwa na kosa.