Nani Amsindikize Bibi Harusi?

Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie harusi iliyozua ubishi kwa sababu ya mwendo wa hatua chache tu.

Tarehe 19 Juni 2010, Victoria, binti wa mfalme wa Sweden na mrithi wa kiti chake, alikuwa anaolewa mjini Stockholm. Mchumba wake, Daniel Westling, hakuzaliwa katika jumba la kifalme. Alikuwa mwalimu wake wa mazoezi ya viungo. Mngedhani watu wangenung'unikia hilo. Wapi! Kilichowaudhi baadhi ya makasisi ni kwamba binti alitaka baba yake amshike mkono, ampeleke hadi madhabahuni.

Jambo hilo mmeliona sana kwenye filamu. Mlango wa kanisa unafunguka, kinanda kinalia, baba anajikaza asitokwe machozi, anamkabidhi mwanawe kwa bwana harusi. Marekani ndivyo wafanyavyo, na Uingereza vilevile. Lakini Wasweden kwa desturi huingia kanisani wawili pamoja, bega kwa bega. Makasisi wakasema mtindo huu wa Kimarekani haukuwa wao, na mwanamke si mali ya kutolewa mkononi mwa mwanamume mmoja na kutiwa mkononi mwa mwingine. Mwishowe wakakutana katikati: mfalme akamsindikiza binti yake sehemu ya njia, Daniel akampokea, na maharusi wakaimalizia safari wenyewe.

Kisa hicho hunichekesha, maana mengi tunayoyaita ya Kimarekani yalivuka bahari kutoka hukohuko Ulaya. Gauni jeupe, kwa mfano. Victoria mwingine, malkia wa Uingereza, aliolewa na Albert mwaka 1840 akiwa amevaa nyeupe. Zama hizo bibi harusi alivaa rangi yoyote, bora nguo iwe nzuri kuliko zake zote. Malkia hakuwa wa kwanza kuvaa nyeupe, ila habari za gauni lake zilienea, matajiri wakaiga, Wamarekani wakadaka, na leo mnaliona shela hilo hadi Mwanza na Mombasa. Hata muziki ule wa maharusi kutokea kanisani ni wa Mjerumani, Mendelssohn, na ulishika kasi baada ya binti wa malkia huyo kuolewa nao mwaka 1858.

Wamarekani nao wameongeza chumvi yao. Kwao wapambe hutangulia, bibi harusi akaja mwisho watu wote wakimsubiri. Waingereza huwaweka wapambe nyuma yake. Tena kuna orodha ya zawadi: maharusi huandika dukani vitu wanavyovitaka, mgeni akachagua humo. Duka la Marshall Field's la Chicago lilianza huduma hiyo mwaka 1924. Mimi naiona ni akili, kuliko kupewa chupa tano za chai.

Lakini tofauti kubwa zaidi iko kwenye sheria. Ufaransa, tangu mwaka 1792, ndoa ni ile inayofungwa mbele ya serikali. Maharusi huenda kwanza ofisi ya meya, naye huwapokea amevaa ukanda wa buluu, nyeupe na nyekundu. Kanisa au msikiti hufuata baadaye, wakipenda. Marekani huchukua kibali serikalini, kisha mchungaji, imamu au hakimu anaweza kuwafungisha: ufukweni, shambani, popote. Las Vegas ofisi ya vibali hufunguliwa kila siku hadi usiku wa manane, na mtu akitaka afungishwe ndoa na jamaa aliyevaa kama Elvis Presley, atampata.

Wajerumani wana desturi yao ambayo ninyi mngeipenda. Kabla ya harusi, ndugu na jirani huja nyumbani wakiwa na sahani na vikombe vya kauri, na wakati mwingine hata sinki la choo, wakavibamiza chini kwa kelele. Kioo hakivunjwi, ni mkosi. Kisha maharusi hushika ufagio na kuzoa vipande pamoja, wote wawili, bwana harusi asijifanye mgeni.

Ufagio huo unanikumbusha wa Marekani, wenye historia nzito. Enzi za utumwa, sheria za majimbo ya kusini hazikuitambua ndoa ya watumwa. Mume aliweza kuuzwa leo na mke akabaki. Hivyo wengi walioana kwa kuruka ufagio mbele ya wenzao. Na hata huu haukuwa wa Marekani peke yake, kwani Wales pia walikuwepo watu walioruka ufagio kuoana. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, watu waliokombolewa utumwani walimiminika kuandikisha ndoa zao kisheria, na baadhi walikuwa tayari wazee. Ufagio ukafifia. Ndipo mwaka 1977 televisheni ikaonyesha tamthilia ya Roots, mamilioni wakamwona mtumwa Kunta Kinte akiruka ufagio na mkewe, na Wamarekani Weusi wengi wakaurudisha harusini. Siku hizi hupambwa kwa riboni na maua, baadaye ukatundikwa ukutani. Wa kufagilia nyumba hununuliwa mwingine.