Vigae na Majivu Vyatuambia Nini?

Mkulima wa Bunda au wa Butiama alimapo shamba huweza kufukua kigae cha chungu, akakitupa kando na kuendelea na kazi yake. Hatumlaumu, maana kigae hakipikiwi wala hakiuziki. Lakini leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi kigae hicho kiwezavyo kuwa shahidi wa maisha ya watu waliotutangulia.

Wenye elimu ya mambo ya kale hawachimbi ili wapate mali. Huondoa udongo kidogo kidogo, tabaka baada ya tabaka, wakiandika kila kitu kimeonekana wapi, na karibu na kitu gani. Ardhi isipovurugwa, kilicho chini ni cha zamani kuliko kilicho juu yake. Makaa ya jiko la kale nayo hupimwa, kwa kuwa mti ukisha kufa, namna moja ya kaboni iliyomo ndani yake hupungua kwa kadiri inayojulikana: nusu yake huondoka katika miaka 5,730 hivi.

Mifano i karibu nasi. Kandokando ya Ziwa Viktoria vimeonekana vigae viitwavyo vya Kansyore, kwa jina la kisiwa kimoja cha mto Kagera. Waliovifinyanga walikuwa wavuvi na wawindaji, walioishi hapa kabla ya ukulima kufika. Kama tusingalichimba, tungalidhani kuwa ufinyanzi ulianza na wakulima.

Tena, katika nchi ya Serengeti vimepatikana vipande vya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, vilivyotumika kama visu. Jiwe hilo asili yake ni pande za Naivasha, nchini Kenya, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Basi twaona kwamba watu wa kale hawakukaa peke yao. Yamkini vitu vilipita mkono kwa mkono, kwa kubadilishana na kwa urafiki.

Kaburi nalo husema. Karibu na Ziwa Turkana walizikwa watu wasiopungua 580, miaka ipatayo 5,000 iliyopita. Wataalamu waliotoa habari zao mwaka 2018 waliona kwamba wakubwa kwa wadogo, wake kwa waume, walizikwa pamoja, na karibu kila mmoja na mapambo yake. Hakuonekana aliyetukuzwa kupita wenzake. Hivyo twajifunza kwamba watu wengi waliweza kufanya kazi kubwa ya pamoja pasipo mmoja kujitenga kwa utajiri.

Sasa twasema neno la kuonya. Tumesikia watu wakinong'ona kwamba Wajerumani waliacha dhahabu chini ya majabali, na wengine huchimba usiku ili kuitafuta. Wapatacho ni vigae na mifupa, nao huvitupa. Hasara yake ni kubwa kuliko wanavyofikiri. Kitabu kikichanika, kurasa zaweza kuunganishwa. Bali tabaka la ardhi likisha vurugwa halirudi kama lilivyokuwa, na habari zake zimepotea milele. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 nayo hulinda vitu vilivyofanywa na watu kabla ya mwaka 1863, na yakataza kuvichimba bila kibali.

Kwa hiyo twawasihi wazee wa koo, wenyeviti wa vijiji na walimu wa Musoma, Bunda na Butiama. Mtu akiona vigae vingi mahali pamoja, au majivu ya kale, au michoro juu ya mwamba, asiguse. Amwarifu mwenyekiti wake na afisa utamaduni wa wilaya. Mwalimu naye awapeleke watoto wakatazame kwa macho, wasichukue kitu.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nasi twaongeza kwamba aivunjaye asili kwa jembe, bila kuitambua, huwanyima wajukuu wake urithi wao.