Mama wa watoto 11 aliyelala porini kwa kupenda

Juma hili tunawaletea habari ya mama mmoja wa Marekani. Tulipoisimulia katika kikundi chetu, mbele ya kugawa pesa za likelemba, palitokea mabishano mpaka chai ikapoa. "Kulala porini kwa kupenda?" mmoja wetu akauliza. "Sisi tulilala porini kwa kukimbia vita. Mimi sirudii tena."

Neno lake ni la kweli. Lakini hata huyo mama, pori alilijua kwanza kwa kukimbia.

Jina lake ni Emma Gatewood. Alizaliwa mwaka wa 1887 katika jimbo la Ohio, akaolewa, akazaa watoto 11, akalima. Mume alimpiga kwa miaka mingi. Alipoweza kuponyoka alikimbilia msituni, akatembea mpaka moyo utulie. Mara moja alipigwa mpaka meno yakavunjika, na askari aliyekuja akamkamata yeye, si mume! (Wamama waliokwisha kupeleka kesi kama hiyo hawatashangaa.) Ndoa ilivunjika kisheria baada ya miaka zaidi ya 30.

Watoto walipokuwa wakubwa, alisoma katika gazeti juu ya njia ya miguu inayofuata milima ya Appalachian, wakati ule karibu kilomita 3,300, tangu Georgia kusini mpaka Maine kaskazini. Alijaribu mwaka wa 1954. Akapotea, miwani ikavunjika, chakula kikapunguka, walinzi wa msitu wakamwambia arudi nyumbani. Akarudi. Lakini tarehe 3 Mwezi wa 5, 1955, akiwa na miaka 67, alianza upya kutoka upande wa kusini. Watoto aliwaambia tu kwamba anaenda kutembea.

Sasa angalieni mzigo wake. Mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, haukufika kilo 10, anautupa begani. Ndani mlikuwa blanketi, koti la mvua, na pazia la plastiki la kuogea badala ya hema. Miguuni alivaa raba. Alikula zabibu kavu, karanga, soseji ya mkebe, pamoja na majani ya mwituni aliyoyajua, vile sisi tunavyojua lenga-lenga inayojiotea kando ya njia.

Siku yake ilikuwa hivi: kuamka na mwangaza, kukunja blanketi, kutembea. Kwa wastani zaidi ya kilomita 20 kwa siku, kupanda na kushuka, peke yake. Gazeti lilikuwa limeisifu ile njia. Yeye alikuta miti imeanguka, vichaka vimefunika alama, na vibanda vingine havifai kulala mtu, na aliwaambia waandishi wa habari hivyo hivyo, bila kuficha.

Jioni, kama kuna nyumba karibu, alibisha hodi. Wamoja walimkaribisha mezani, wengine walimkatalia: mama mzee, nguo zina vumbi, anatoka wapi bila mtu? Basi alirundika majani makavu, akajifunika, akalala. Usiku wa baridi kali alipasha mawe bapa motoni, kisha akalala juu yake. Hapo mzee wetu mmoja alitikisa kichwa akasema, "Huyo alikuwa na akili."

Mwezi wa 8 zilikuja mvua za tufani, mito ikafurika. Hakuacha. Tarehe 25 Mwezi wa 9 alifika juu ya mlima Katahdin, siku ya 146. Ndiye mwanamke wa kwanza kumaliza njia ile yote peke yake katika msimu mmoja. Mwaka wa 1957 aliirudia, na mwaka wa 1964 akamaliza mara ya tatu, kwa vipande.

Sasa mabishano. Wamoja kati yetu walisema bibi wa wajukuu 23 hawezi kuondoka hivyo bila kuaga vizuri. Akifia huko, nani atajua? Wengine wakajibu: amelea 11, amevumilia fimbo miaka 30, ruhusa aombe kwa nani? Sisi tunaoandika hapa tuko upande wa hawa wa pili, ingawa tungemwomba aseme ni njia gani anaenda.

Yule mama wa swali la kwanza alinyamaza muda mrefu. Tulipokuwa tunakusanya vikombe, aliuliza kama yale mawe yanaweza kushika joto mpaka asubuhi.