Je, Wajua? Maji Yashuka, Mbasa Apanda

Ukisimama Itungi, Kyela, wakati wa masika, utauona Mto Kiwira ukiingia Ziwa Nyasa na rangi ya chai ya maziwa. Umebeba udongo wa milima ya Rungwe, tena si udongo peke yake. Ndugu msomaji, leo tufuatane na kile tunachokipulizia shambani, tuone kinaishia wapi.

Je, wajua kwamba ile tunayoiita dawa, wataalamu huiita kiuatilifu, na lebo yake hukuonya kwa rangi? Utepe mwekundu ni sumu kali kabisa, wa njano ni ya wastani, wa bluu ni ndogo, wa kijani ni hafifu. Hata wa kijani si ruhusa ya kuchanganya kwa mikono mitupu.

Je, wajua kwamba ngozi hunywa? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1971 ulipima jinsi sumu ya parathioni inavyopenya kwenye ngozi ya binadamu. Paji la uso lilinyonya zaidi ya mara 4 kuliko kigasha cha mkono, na sehemu za siri za mwanamume karibu mara 12. Sasa mtazame kijana mwenye bomba linalovuja mgongoni: dawa inachuruzika hadi kiunoni, kaptula inalowa, naye anaendelea kupuliza mpaka adhuhuri.

Je, wajua kwa nini mboni za macho ya aliyedhurika husinyaa zikawa kama ncha ya sindano? Viuatilifu vya kundi la oganofosfeti hukizima kimeng'enya cha kolinesterasi, ambacho kazi yake ni kukatisha amri ya neva ikishatimizwa. Kikizimwa, amri haikomi: mate, machozi na jasho hutiririka, misuli hutetemeka, kifua hujaa makohozi. Mvue nguo, muoshe kwa maji mengi na sabuni, mkimbize hospitali, na chupa yenye lebo usiiache nyumbani. Usimtapishe kwa nguvu. Maziwa si tiba. Hospitali ndiko kwenye tiba yake, atropini.

Je, wajua kwamba parakwati, dawa ya magugu, haina kiuasumu? Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mwaka 2007. Hatari yake kubwa majumbani ni chupa ya soda: mtu amepimiwa kidogo dukani, akaiweka chini ya kitanda bila lebo. Mtoto anatoka kucheza na kiu, anafungua, anapiga funda moja. Linatosha kuua. Mapafu hukakamaa siku hadi siku, naye akili zake ni timamu, anaomba pumzi. Tafadhali, dawa isikae kamwe katika chupa ya kinywaji.

Je, wajua kwamba Ziwa Nyasa lina kina cha hadi takriban mita 700, na mto unaotoka ni mmoja tu, Shire, huko kusini mwa Malawi? Maji yakishaingia hukaa zaidi ya miaka 100. Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kila mvua ina cha kuosha mashambani.

Je, wajua kwamba kiuatilifu cha DDT kimekutwa ndani ya samaki wa ziwa hili? Mwaka 2001 mtafiti Karen Kidd na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kadiri kiumbe alivyo juu katika ngazi ya kulana, ndivyo DDT inavyozidi mwilini mwake. Usipa, samaki mdogo, hula vijidudu vya majini. Mbasa, samaki mkubwa zaidi, humla usipa, kisha hupanda mitoni kutaga, akikutana na yale yanayoshuka kutoka mashambani. Sisi humla mbasa. Sumu hii haiyeyuki katika maji, hukaa katika mafuta ya mwili, nayo hudumu humo kwa miaka.

Je, wajua kwamba mama huweza kumpa mtoto sehemu ya akiba hiyo, tumboni na kwa maziwa? Hata hivyo Shirika la Afya Duniani bado linahimiza kunyonyesha, kwani faida yake ni kubwa mno. Wa kubadilika ni anayepuliza, si mama anayenyonyesha.

Je, wajua kwamba mwaka 1986 tani 170 za viuatilifu, baadhi vikiwa vimepitwa na muda, zililetwa kutoka Ugiriki kama msaada na kuwekwa katika shamba la Vikuge, Kibaha? Hata baada ya eneo kusafishwa, watafiti waliendelea kukuta DDT nyingi katika udongo.

Je, wajua kwamba mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hofu ya wavuvi kutumia sumu?

Je, wajua kwamba ua la kakao huchavushwa na visubi wadogo wanaoishi katika majani yaliyooza? Ukipuliza ovyo, unawaua wanaokuzalishia.

Je, wajua kwamba kuchoma chupa za plastiki huweza kuzaa sumu ya dioksini? Hiyo ni mojawapo ya kemikali 12 za mwanzo katika Mkataba wa Stockholm kuhusu kemikali sumu zinazodumu, ulioanza kazi tarehe 17 Mei 2004.

Basi tufanye hivi: chupa ikiisha, isuuze mara tatu, na maji ya kusuuzia yamimine ndani ya bomba uyapulizie shambani. Kisha itoboe, isije ikachotewa maji ya kunywa. Bomba lisioshwe mtoni. Chini ya mto kuna mama anajaza ndoo, na kuna mbasa anapanda kutaga.