Ndama Anayehara

Ndama huzaliwa salama, mwenye nguvu na kurukaruka. Siku ya nane humwona amelala, masikio yameanguka, mkia umelowa kinyesi cha majimaji cha rangi ya manjano. Siku ya kumi amekufa. Mwenyewe husema amelogwa, au maziwa ya mama yake yalikuwa mazito mno. Leo nataka kueleza sababu ya mauti hayo, maana mara nyingi yaweza kuzuiwa.

Ziko sababu kadha wa kadha za kuhara kwa ndama, na mojawapo iliyo kubwa ni virusi viitwavyo rota. Ni vidogo hata darubini ya kawaida haiwezi kuvionyesha. Mwaka 1969, huko Nebraska katika Marekani, wataalamu walivitambua katika kinyesi cha ndama. Jina lao latokana na neno la Kilatini lenye maana ya gurudumu, kwa kuwa ndilo umbo lao. Vikiingia kinywani pamoja na uchafu, huharibu ngozi ya ndani ya utumbo, ile inyonyayo chakula na maji. Basi kila anywacho ndama hupita kama maji katika mtungi uliopasuka, na mwili wake hukauka. Hukaukiwa na maji na chumvi. Hilo ndilo limwualo.

Virusi hivi vina mbari nyingi. Katika ng'ombe zionekanazo sana ni zile ziitwazo G6 na G10. Kinga ya mbari moja huenda isitoshe kwa nyingine. Lakini ng'ombe aliyekaa katika zizi lako amekwisha kukutana na mbari za zizi hilo, naye huitia kinga yake katika maziwa ya kwanza, yaani dang'a. Hawezi kumpa mtoto kinga hiyo akali tumboni. Tena utumbo wa ndama huipokea kwa muda mfupi tu: baada ya saa 24 mlango umefungwa. Kwa hiyo ndama wa kilo 35 anywe lita 3 au 4 za dang'a katika muda wa saa 6 tangu kuzaliwa. Anayeimwaga ameitupa dawa.

Akiisha kuhara, mtenge na wenzake, nawa mikono, safisha vyombo. Usimnyime maziwa. Kati ya maziwa na maziwa mpe maji yenye chumvi na glukosi, kama atakavyoagiza mganga wa mifugo. Sukari ya chai haifai, kwa sababu tumbo la ndama mchanga haliwezi kuiyeyusha, nayo humzidishia kuhara. Dawa za kuua bakteria haziui virusi. Akishindwa kusimama au kunyonya, mwite mganga upesi.

Basi ng'ombe wako azaapo usiku, usingoje mapambazuko. Washa taa, uende zizini, uhakikishe kwamba ndama amenyonya.