Chupa ya Kunyunyizia Mafuta: Matumizi Yake na Matunzo Yake

Mafuta ya kupikia ni katika vitu vinavyonunuliwa kwa hesabu na kutumiwa bila hesabu. Dukani tunalinganisha bei ya dumu hili na lile hadi shilingi ya mwisho. Tukifika jikoni tunaliinamisha dumu juu ya sufuria na kuliachia jicho liamue. Jicho nalo ni mpimaji mkarimu. Tuseme katika kila pishi linazidisha vijiko viwili tu vya mezani, na nyumba hiyo hupika mara mbili kwa siku. Kijiko cha mezani huchukua mililita 15. Vijiko vinne ni mililita 60 kwa siku, na kwa siku 30 ni mililita 1,800. Hizo ni karibu lita mbili kila mwezi, ambazo hapana mtu nyumbani aliyezitamani wala aliyehisi ladha yake.

Sehemu kubwa ya mafuta tunayopikia nchini Kenya hutoka ng'ambo, hasa mafuta ya mawese ya Indonesia na Malaysia, yanayoshushwa papa hapa katika bandari ya Mombasa. Ndiyo sababu mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopunguza mafuta ya alizeti katika masoko ya dunia, kisha Indonesia ikasimamisha kwa wiki kadhaa kuuza mafuta yake ya mawese nje, akina mama wa Pwani waliyahisi mambo hayo ya mbali katika mikoba yao. Bei ya bandarini haimo mikononi mwetu. Kiasi kinachoingia sufuriani kimo mikononi mwetu.

Na hasara ya mfuko ndiyo iliyo ndogo. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga ina kalori 4. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, ya aina yoyote, kina kalori zipatazo 120. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta yote anayokula mtu mzima yasizidi asilimia 30 ya nguvu anayoipata katika chakula, na yale ya asili ya kuganda, yanayopandisha kolesteroli, yasizidi asilimia 10. Takriban nusu ya mafuta ya mawese ni ya asili hiyo. Nyumba yenye mzee wa presha, au mtu wa sukari, au aliyeambiwa na daktari autunze moyo wake, haiwezi kuliacha jicho liendelee kupima. Dini yetu imetukataza israfu katika kula na kunywa, na israfu haiwi katika wingi wa sahani peke yake. Huwamo pia ndani ya sahani moja.

Ndipo ilipopata nafasi chupa ndogo ya kunyunyizia mafuta, ambayo sasa inaonekana katika maduka mengi ya vyombo. Wengi huinunua kwa hamu, na baada ya miezi miwili huikuta imeziba, inanata, nayo imesukumwa nyuma ya kabati. Chupa hii ni kipimo, na kila kipimo kina masharti mawili: kitumiwe kwa hesabu, na kitunzwe kiwe safi.

Namna inavyofanya kazi

Ziko aina mbili. Ya kwanza ina mkono wa kubana kwa vidole. Kila ubanapo, mafuta hupanda kwenye mrija na kusukumwa nje kupitia kitundu chembamba, yakatoka yakiwa matone madogo. Ya pili ina kifuniko kinachosukumwa juu na chini kama pampu, mara 10 hadi 15, ili hewa ishindiliwe ndani. Kisha ukibonyeza, hewa hiyo ndiyo inayoyatoa mafuta. Aina hii ya pili ijazwe nusu tu. Ukiijaza pomoni hapabaki nafasi ya hewa, nayo itakutolea mchirizi badala ya ukungu, ukadhani ni mbovu.

Chupa hizi si sawa na yale makopo ya mafuta ya kunyunyizia yanayouzwa Marekani. Makopo hayo husukumwa na gesi, na aghalabu gesi hiyo hushika moto. Mengine huandikwa kuwa yana mafuta gramu 0, na maandishi hayo yana hila ya hesabu: kipimo kilichokusudiwa ni mnyunyizo wa robo ya sekunde, na sheria ya huko inaruhusu chochote kilicho chini ya nusu gramu kiandikwe sufuri. Hapana mpishi anayenyunyiza kwa robo ya sekunde. Tena baadhi ya makopo hayo yamewahi kuorodhesha pombe ya nafaka miongoni mwa vilivyomo. Anayenunua na asome orodha kwanza. Chupa ya kujaza mwenyewe inakuondolea shaka hiyo, kwa sababu humo hamna ila ulichokitia.

Ipime kabla ya kuitumia

Siku ya kwanza, chukua kijiko cha chai, ambacho ni mililita 5. Kikaribishe kwenye kitundu, ubane taratibu huku ukihesabu mpaka kijae. Kikijaa kwa mibano minane, basi kila mbano ni mililita sita za kumi hivi. Kikijaa kwa mitano, kila mbano ni mililita moja. Chupa hazilingani, kwa hiyo usitegemee hesabu ya jirani. Andika idadi yako kwenye kipande cha karatasi ukibandike chini ya chupa. Tangu siku hiyo, mtu akikuuliza umetia mafuta kiasi gani, utakuwa na jawabu.

Bila hesabu hii, chupa yaweza kukuhadaa. Mwenye kubana mara 20 juu ya tawa moja, kwa kuwa kila mbano ni mdogo, huenda akawa ametia mafuta mengi kuliko aliyetumia kijiko.

Mapishi yanayoifaa na yasiyoifaa

Inafaa sana kwa kupaka tawa kabla ya chila na vibibi, kupaka sinia kabla ya kumimina unga wa mkate wa sinia, na kulainisha juu ya samaki au kuku anayeingia katika oveni. Viazi vilivyokatwa vipande, vikanyunyiziwa kidogo na kugeuzwageuzwa, huokeka vizuri na kupata ngozi. Sambusa na katlesi za kuoka hupata rangi zikinyunyiziwa pande zote mbili, ingawa haziwi sawasawa na zile zilizozama katika karai, na ni vyema kuwaambia watu wa nyumbani hivyo mapema kuliko kuwalazimisha waseme hawaoni tofauti.

Haifai kwa mahamri wala kaimati, ambazo hazivimbi ila zikiogelea katika mafuta moto. Haifai kwa chapati za tabaka, ambazo utamu wake umo katika samli iliyopakwa ndani kabla ya kukunjwa. Hapo chupa itumike kwa nje tu, wakati wa kuchoma. Hatusemi karai litupwe. Karai libaki na siku zake, kama Ijumaa, wageni na Idi, na chupa ichukue kazi ya kila siku, ambako ndiko mafuta mengi yanakopotelea.

Tahadhari ya moto

Mafuta yaliyopasuliwa kuwa matone madogo hushika moto upesi kuliko yaliyotulia chomboni. Kwa hiyo usinyunyize juu ya jiko la gesi linalowaka wala juu ya makaa. Nyunyiza tawa likiwa baridi, kisha ulitie motoni. Na ukihitaji kuongeza, liepue kwanza, ulisogeze mbali na mwali. Mishikaki ipakwe mafuta sahanini kabla ya kufika kwenye makaa. Ikitokea mafuta ya sufuriani yameshika moto, zima jiko ikiwa waweza kulifikia kwa salama, na ufunike kwa kifuniko kikavu. Usimwagie maji kamwe, kwani maji huyarusha mafuta yanayowaka.

Ukungu wa mafuta hutua pia sakafuni, na vigae vyenye mafuta ni mtego kwa wazee na watoto. Nyunyiza ukiwa umeinamia sinia au beseni la kuoshea vyombo. Usielekeze usoni mwa mtu, wala usinyunyize karibu na mtoto mwenye pumu.

Mafuta gani yatiwe

Tia mafuta maangavu yasiyo na machicha: ya alizeti, ya mahindi, ya zeituni au ya mawese yaliyosafishwa. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Asubuhi za baridi ya mwezi wa Julai yataganda ndani ya mrija. Samli ndiyo zaidi. Tui lisitiwe kabisa, kwani huchacha na kuziba.

Usitie mafuta yaliyokwisha kukaangia, hata ukiyachuja kwa kitambaa. Moto umekwisha kuyaharibu, na chembe zake ni ndogo kuliko matundu ya kitambaa. Usitie vitunguu saumu, pilipili wala majani kwa ajili ya kunukiza. Mbali na kuziba kitundu, kitunguu saumu kibichi kilichozama katika mafuta na kuachwa nje ya friji chaweza kuotesha bakteria wenye sumu kali, isiyotambulikana kwa harufu wala kwa ladha.

Jambo jingine ni mwangaza. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A, kwa ajili ya macho na kinga ya mwili, hasa ya watoto. Vitamini hiyo huharibiwa na mwanga na hewa, na vitu hivyo hivyo pamoja na joto ndivyo vinavyoyachachisha mafuta. Chupa ya kioo cheupe iliyowekwa dirishani kando ya jiko inapendeza macho, lakini mafuta yake yanapungua thamani kila siku. Chagua chupa ya rangi nzito, au uiweke kabatini. Tia mafuta ya wiki moja au mbili tu, na usiongeze mapya juu ya masalio ya zamani.

Namna ya kuisafisha

Kila mafuta yanapokwisha, kabla ya kujaza tena, fanya haya:

1. Tia maji ya moto yasiyochemka, kiasi cha nusu chupa, na matone machache ya sabuni ya vyombo. Maji yanayochemka hupinda plastiki na kupasua kioo.
2. Funga, utikise, kisha ubane mpaka maji ya sabuni yatoke kwenye kitundu mara 10 au zaidi. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa. Kuosha chupa bila kupitisha sabuni ndani ya mrija ni kuosha nje ya bomba.
3. Mwaga, tia maji safi ya moto, ubane tena mpaka yatoke bila povu.
4. Fungua vipande vyote, uviweke juu ya kitambaa safi mpaka vikauke kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Tone la maji likibaki ndani huyaharibu mafuta, na likifika kwenye tawa la moto hurusha cheche za mafuta mkononi.

Katika nyumba nyingi za Pwani maji ya kisima yana chumvi, na sabuni haitoi povu vizuri. Suuza mara ya mwisho kwa maji matamu. Kitundu kikifanya ukoko mweupe wa chumvi, kiloweke katika siki kwa nusu saa, kisha ukioshe.

Ikiwa kimezibwa na utando wa mafuta unaonata, siki haitasaidia. Kiloweke katika maji ya moto yenye sabuni kwa saa moja, ukisugue kwa mswaki mlaini, urudie. Usikichokoe kwa sindano. Sindano hukipanua kitundu, na tangu hapo chupa itamwaga, haitanyunyiza. Chupa ya pampu ikipoteza nguvu, tazama mpira wa kuzibia chini ya kifuniko. Aghalabu umekaa upande au umechafuka.

La mwisho katika matunzo ni usalama wa watoto. Usitumie chupa iliyokuwa ya dawa ya kusafishia vioo au ya mafuta ya nywele, hata ikioshwa mara saba, kwani plastiki yake haikukusudiwa chakula. Na hii ya jikoni iandikwe jina kwa herufi kubwa, iwekwe mbali na sabuni na dawa za usafi.

Basi, dada msomaji, ukipenda kujua kama chupa hii imekufaa, usitazame chupa, tazama dumu. Andika tarehe juu yake siku unayolifungua, kisha uandike siku linapokwisha. Fanya hivyo kwa dumu moja kabla ya kuanza kutumia chupa, na kwa dumu la pili baada ya kuanza. Siku zitakazozidi ndizo faida yako, na fedha zake, Inshallah, zitapata kazi iliyo bora kuliko kukaangwa.