Chupa ya Mtoto: Bei Yake Iko Jikoni

Sheria ya kazi ya Tanzania ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kliniki nayo inamwambia amnyonyeshe mwanawe maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Hesabu hizo mbili hazikutani. Ndipo chupa inapoingia nyumbani: mama anarudi kazini, maziwa yanakamuliwa, bibi au dada wa kazi anabaki na mtoto.

Dukani, ya plastiki ndiyo ya bei nafuu. Pindua utazame pembetatu ndogo kitakoni. Namba 5 ni polipropilini, na chupa nyingi za siku hizi ni hizo. Namba 7, hasa ikiwa chupa ni ngumu na angavu kama kioo, yaweza kuwa polikaboneti, ambayo hutengenezwa kwa kemikali ya BPA. Kanada ilizipiga marufuku chupa hizo 2010, Umoja wa Ulaya 2011, Marekani 2012. Kwa hiyo za kuhofia zaidi ni zile za zamani, zilizorithiwa kwa shangazi au kuokotwa kwenye mtumba. Ila maneno “haina BPA” yamegeuka biashara. Yanaandikwa kwa herufi kubwa na bei inapandishwa, hata kwenye polipropilini, ambayo haitengenezwi kwa BPA kabisa. Maandishi hayo usiyalipie.

Polipropilini nayo ina lake. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo cha Trinity, Dublin, walionyesha kwamba inaachia chembe ndogo mno za plastiki, na kadiri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo chembe zinavyoongezeka. Madhara yake kwa mtoto hayajathibitishwa, lakini kuzipunguza hakugharimu kitu. Kwa anayetumia maziwa ya kopo, unga wake unaweza kuwa na vijidudu, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70. Basi korogea kwenye jagi safi la kioo au la chuma lililochemshwa, poza haraka, kisha mimina chupani.

Kioo kinamaliza wasiwasi huo. Hakishiki harufu, hakichubuki kwa brashi, na kikitunzwa kinamfikia hata mdogo wake mtoto. Bei ni kubwa zaidi, na sakafu ya saruji haina huruma. Kama anayelisha ni dada wa kazi mwenye mtoto mkono mmoja na simu mkono wa pili, fikiria tena. Za silikoni na za chuma zipo, ghali. Ya chuma huoni hata maziwa yamebaki kiasi gani.

Lakini pesa haiishii kwenye chupa. Chuchu huchakaa kwanza: ikinata, ikibadilika rangi au ikipasuka, inatupwa, na za mpira wa asili huchakaa mapema kuliko za silikoni. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji chuchu ya akiba inauzwa wapi. Chupa ya kifahari ambayo chuchu yake haipatikani mtaani itakuwa kopo la sukari baada ya miezi michache. Zile zenye mirija ya kuzuia hewa tumboni zina vipande vingi, kila kimoja na kona zake za kufichia maziwa yaliyoganda. Mdomo mpana unaopitisha brashi bila shida una thamani kuliko mapambo yote.

Kisha gesi au mkaa. Kila chupa inaoshwa kwa sabuni, kisha inachemshwa ikiwa imezama yote, dakika kumi hivi. Mwenye chupa moja anawasha jiko kila mlo. Mwenye nne anachemsha zote pamoja asubuhi na kuzihifadhi zimefunikwa. Hizo tatu za nyongeza zinajilipa kwa nishati.

Chaguo la bei ndogo kuliko yote halikai kwenye rafu ya chupa: kikombe kidogo kisicho na kona, ambacho wahudumu wa afya hukipendekeza kwa sababu kinasafishika kwa urahisi. Mtoto anakalishwa wima, ukingo unagusa mdomo wa chini, anaramba mwenyewe bila kumiminiwa. Hata mchanga kabisa anaweza. Mlishaji ndiye anayehitaji subira.

Kwa mama anayekamua na kuacha maziwa na bibi, ningeanza na kikombe. Bibi akikataa, basi chupa nne za namba 5, mdomo mpana, zisizo na mirija, na chuchu za akiba siku hiyohiyo.